Nilimchagulia kwa Macho Yangu

"Mtoto asubiri pale nje."

Maneno manne. Mratibu wa mradi hata uso hakuinua alipoyasema. Alikuwa anatafuta faili letu kwenye rundo, na kidole chake kikaelekeza benchi lililoko barazani, nje ya mlango. Binti yangu, ambaye haoni tangu alipougua surua akiwa na miaka mitatu, akauachia mkono wangu akaanza kugeuka. Njia alikuwa anaijua. Hatua sita, kizingiti, halafu benchi upande wa kushoto. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita tangu nilipomweka pale mara ya kwanza, na miguu yake ilikuwa bado inakumbuka.

Hapo ndipo uzalendo uliponishinda.

"Haendi nje," nikasema. "Leo haendi nje."

"Mama, ofisi yenyewe ndogo hii. Na haya ni mazungumzo ya watu wazima."

"Mazungumzo yanamhusu yeye. Mimi naona, wewe unaona. Kama kuna wa kutoka, tutoke sisi."

"Punguza jazba, mama. Kaa."

Sikukaa. Alifungua faili, akaliweka mezani likimtazama yeye. Mimi kazi yangu ni mapokezi katika nyumba ya wageni pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Kutwa nzima watu wanaandika majina yao kitabuni upande wa pili wa meza, na mimi nayasoma kichwa chini miguu juu kabla hawajainua kalamu. Kwa hiyo nilisoma. Chini ya jina la mwanangu palikuwa na mstari mmoja kwa wino mwekundu: Mtoto ameshindwa kutumia kifaa. Kirudishwe, apewe mwingine.

Niliipiga ile meza kwa kiganja. Chai yake ikamwagika kwenye kisosi.

"Nani kashindwa?"

"Mama..."

"Soma kwa sauti. Soma na yeye asikie, maana hilo hawezi kulisoma."

Hakusoma. Nikasoma mimi, kwa sauti, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Nilipofika mwisho nikamwona binti yangu amesimama wima, mikono ameibana kifuani, mdomo ameufunga kabisa. Alikuwa amelisikia hilo neno, kashindwa, na alilisikia kutoka kwangu. Nimejuta vitu vingi katika habari hii nzima, na hicho nacho kimo.

Mratibu alifuta chai kwa leso yake taratibu, akafunua ukurasa wa nyuma, akaugeuza uelekee kwangu.

"Na hii saini je? Si yako? Alikushika mkono nani?"

Ilikuwa saini yangu. Ina mkia mrefu niliojifunza kidato cha pili kwa kujifaragua. Na chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Nimechagua mimi mzazi, kwa hiari yangu.

Nilinyamaza. Na ili ieleweke kwa nini mwanamke aliyekuwa anapiga meza alinyamaza, inabidi nirudi nyuma.

*

Binti yangu alikuwa darasa la tano. Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu mmoja tu aliyesomea kufundisha wasioona, na kila kitabu cha nukta nundu kilikuwa nakala moja ya kugombaniwa na watoto watatu. Nukta zenyewe zilikuwa zimelala kwa kupapaswa miaka na miaka. Mwalimu aliniambia waziwazi: "Mama, huyu kichwa anacho. Lakini akifika darasa la saba bila njia ya kusoma vitabu vyake mwenyewe, mtihani utampita hivihivi. Mtafutie kifaa." Basi habari yote ni hiyo. Kifaa kikipatikana, mtoto anaandaliwa mtihani. Kisipopatikana, anamaliza darasa la saba kwa kukaa darasani tu, halafu anarudi nyumbani kunisaidia kukunja mashuka ya wageni.

Ndipo tukasikia kuna mradi umefungua ofisi Kilosa, nyuma ya stesheni, nao unagawa mashine za kusomea kwa watoto wasioona na wenye uoni hafifu. Kila mtoto moja, na mzazi ndiye anachagua.

Niliomba ruhusa kazini, nikamvisha mwanangu gauni lake la kanisani na soksi nyeupe, tukapanda gari la alfajiri. Njia nzima nilikuwa namfundisha: "Ukifika useme shikamoo. Ukiulizwa ujibu. Na usishikeshike vitu vya watu."

Hilo la kushika lilikuwa wimbo wangu wa kila siku. Tuliishi chumba cha uani pale pale kwenye nyumba ya wageni, na mtoto wangu ana mikono inayotaka kujua. Akipita mahali anapapasa. Aliwahi kushika begi la mgeni, mgeni akadhani anaibiwa, nikaaibika mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo nilimfunza adabu: mikono mbele, vidole vifungwe, usishike kitu mpaka uruhusiwe. Na akafunzika. Watu walinisifu. "Mtoto wako ametulia, utadhani si kipofu." Nami nilikuwa nafurahi, mjinga mimi.

Pale ofisini alisema shikamoo vizuri, mratibu akaitikia marahaba, akaniambia watoto wanasubiri barazani kwa sababu mashine ni za gharama na chumba ni kidogo. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilimkalisha mwenyewe kwenye benchi, nikampanga gauni magotini. "Tulia hapa, mama anakuchagulia kitu kizuri."

Mezani walikuwa wametandika kitambaa cha buluu, na juu yake vitu vinne. Kioo cha kukuzia chenye taa, hicho ni cha wale wanaoona kidogo, hakikutuhusu. Kibao cha kuandikia nukta nundu na sindano yake, shuleni tayari walikuwa nacho. Zilizobaki ni mbili.

Ya kwanza ilikuwa mashine ya kaseti. Nyeusi, nene, nzito kama tofali, vitufe vikubwa vimesimama safu moja. Ina mkanda wa kuning'iniza begani na inakula betri kubwa kubwa. Ilifanana na redio kaseti ya baba mmoja jirani yetu nilipokuwa mtoto, ile iliyokuwa inafungwa kwa mpira wa baiskeli.

Ya pili ilikuwa ya sidii. Rangi ya fedha, nyembamba, nyepesi, uso wake laini kama sahani mpya. Mratibu alinieleza, na sisemi alidanganya, maana yote aliyosema yalikuwa kweli. Sidii moja inameza kitabu kizima, wakati kitabu hicho hicho kwenye kaseti kinataka kaseti nane au tisa. Unaruka kutoka sura ya kwanza mpaka ya tano kwa kubonyeza tu. Inakumbuka ulipoishia. Sauti haikwaruzi. Betri yake inachajiwa kwenye umeme, hununui kila wiki.

Niliuliza maswali mengi na nikajiona nimeelimika. Inakaa na chaji muda gani? Ikiharibika inatengenezwa wapi? Inaruka kurasa au sura tu? Nilibonyeza vitufe mwenyewe, nikifuata maandishi madogo yaliyochapwa juu yake kwa Kiingereza. Mbele, nyuma, sura, ukurasa. Rahisi kabisa. Wazazi wengine walikuwa wananitazama, mmoja akanong'ona, "Huyu kasoma."

Kidato cha nne, ndiyo. Nimesoma.

Wakati bado naiinua ile ya fedha niione na chini, akaingia baba mmoja mfugaji aliyetoka tambarare za upande wa Mvumi. Fimbo yake aliiacha mlangoni. Nyuma yake, ameshika pindo la shuka, alikuwa binti wa umri wa wangu, naye haoni.

"Mzee, karibu," mratibu akasema. "Ila mtoto akae nje."

Binti akajibu yeye. "Baba hajui Kiswahili vizuri. Nikikaa nje atakuelewaje?"

Watu wakacheka. Mratibu akasogea. Yule binti alikuwa amesoma bweni, Kiswahili chake safi, na baba yake alikuwa amekuja naye kama mkalimani. Basi wakasogea mezani wote wawili. Baba akasema maneno mawili ya kwao. Binti akatafsiri:

"Baba anasema naomba nizishike zote, moja moja, kuanzia nzito."

Akapewa. Mikono ikatembea. Baba akakohoa, akasema neno moja. Binti akatafsiri:

"Baba anauliza, ikianguka chini kutoka begani itakuwaje? Na hivi vitufe, kila kimoja kazi yake nini? Na hiki cha pembeni mbona kimejitenga?"

"Hayo yote kayasema kwa neno moja?" mratibu akauliza.

"Lugha yetu ni fupi," binti akasema.

Hapo hata mimi nilicheka. Baba yake alikuwa anatabasamu huku anatazama dari, anajua ujanja wa binti yake umegunduliwa. Mratibu akamweleza: kile kilichojitenga ni cha kurekodi.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuongea, ikakaa?"

"Ndiyo."

"Mtu yeyote? Hata dada yangu?"

"Yeyote."

Baada ya hapo akashika ile ya fedha. Alipitisha vidole juu ya uso wake mara mbili, akairudisha mezani. "Hii imenyolewa," akasema. Watu wakacheka tena, na mimi nikawa wa kwanza. Nilimwonea huruma kweli kweli. Nilijiambia moyoni, masikini, wameachwa nyuma, wanachagua kaseti dunia iko kwenye sidii. Tulikuwa katika miaka ya soko huria. Sisi tuliopanga foleni ya sukari na sabuni tukiwa watoto tulikuwa tumefunguliwa maduka, na kila kilichong'aa kwenye kioo tulikiona ndicho maendeleo. Kanda zilikuwa zinauzwa barabarani kwa mafungu kama nyanya zilizoiva sana. Nani angechagua kaseti?

Nikaweka saini. Nilitoka nimekumbatia boksi, nikamkuta mwanangu kakaa vile vile nilivyomwacha, ila gauni la kanisani limechanika pembeni. Benchi lilikuwa na msumari umetokeza.

"Hata dakika chache tu umeshindwa kutulia?" nilimwambia.

"Nilitulia, mama. Ndiyo maana lilichanika polepole."

*

Nyumbani niliiweka juu ya kabati, nikaifunika kitambaa nilichokifuma kwa mkono. Nailoni ya dukani sikuitoa, ili isichubuke. Nilimwambia asiiguse nisipokuwepo. Na mimi nilikuwa mapokezi kutoka asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe ni muda gani alikuwa nayo.

Jioni nilipoishusha, vidole vyake vilikuwa vinateleza. Vitufe vyote vilikuwa usawa mmoja na uso wa mashine, juu yake tena ile nailoni yangu. Anatafuta cha mbele anabonyeza cha kuzima. Ikikosewa, inaongea Kiingereza kwa sauti ya mwanamume aliyechoka, na mtoto wa darasa la tano haelewi anaambiwa nini. Sidii zilizokuja nayo zilikuwa tatu, hadithi za kizungu. Vitabu vya shule vya Kiswahili, nilipopiga simu ofisini, nikaambiwa viko njiani. Umeme ukikatika katikati ya chaji, inasahau ulipoishia, unaanza upya.

"Sikiliza anachosema," nilikuwa namwambia.

"Anasema Kiingereza, mama."

"Kitufe cha tatu kutoka kushoto. Mara ngapi nikwambie? Mbona umekuwa mzito hivi?"

Mzito. Nilimwambia hivyo, na si mara moja. Alikuwa anazihifadhi njia za kijiji kizima kichwani, anajua malori kwa mlio wa breki, halafu mimi namwita mzito kwa sababu ya kitu nilichokichagua kwa rangi. Baada ya miezi michache akaacha kuomba niishushe. Nilichukulia kwamba ameridhika.

Kabla ya mashine kuja, nilikuwa namsomea. Wageni wakiacha magazeti vyumbani nilikuwa nayakusanya, na kitabu chake cha shule nilikuwa nakiazima kwa mtoto wa jirani, namsomea mezani pale mapokezi. "Rudia, mama," alikuwa anasema. Nikirudia mara mbili anaingia mgeni, naacha katikati. Mashine ilipofika niliacha kabisa kumsomea. Si ana mashine?

Halafu ikaja fomu ya mradi kuuliza maendeleo. Swali la tatu: Je, mtoto anaweza kutumia kifaa bila msaada? Niliijaza pale pale mapokezi, nina wageni wawili wanasubiri funguo. Nikaandika: Hapana. Sikuandika kwa nini. Nilidhani wakiona hapana watatuletea msaada.

*

Siku ya mnada wa ng'ombe yule baba mfugaji alikuja na binti yake kwenye baraza letu kusubiri gari. Mimi sikuwatambua. Nilisema tu, "Shikamoo baba, karibuni, maji yapo," na binti akageuza kichwa.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mama wa maswali mengi, wa kule Kilosa."

Alikuwa ameinasa sauti yangu kwa asubuhi moja. Begani alikuwa na ile tofali nyeusi, kamba yake imebadilishwa, sasa ni ya ngozi. Nikamwita binti yangu, wakakaa chini wawili ukutani, na yule mgeni akabonyeza. Ikatoka sauti ya msichana anasoma somo la Jiografia, kitabu kile kile cha darasa lao, anasoma kwa kujikwaa, na nyuma yake ng'ombe wanalia. Katikati ya mlima na bonde mtu akapiga kelele, msichana akaacha kusoma, akajibu, akafukuza ndama, akarudi. "Aya ya tatu," akasema, akihema.

"Huyo dada yangu," mwenye mashine akaeleza. "Nina kaseti kumi na moja. Ikimeza mkanda tunauzungusha kwa kalamu. Betri zinaisha vibaya, sikufichi. Lakini darasani mimi ndiye naulizwa."

Binti yangu alikuwa ameinama, mikono mapajani, vidole vimefungwa.

"Naruhusiwa kushika?"

Mwenzake akacheka mpaka akamgonga bega. "Usiposhika utaionaje?"

Akashika. Nilisimama pale na jagi la maji nikatazama. Mara ya kwanza alipita juu ya vitufe haraka, mara ya pili taratibu, mara ya tatu akabonyeza, ikasimama. Akarudisha nyuma. Akaichezesha. Ndama akafukuzwa tena. Kwenye kitufe cha kurekodi kulikuwa na ushanga mmoja mwekundu umegandishwa. Binti wa mfugaji alisema aliwahi kufuta somo zima kwa bahati mbaya, mama yake akaubandika ili vidole vikumbuke. Wangu akaugusa ule ushanga, akatoa kidole, hakubonyeza. Alikuwa ameshaijua yote, na maji kwenye jagi langu yalikuwa bado ya baridi.

Walipoondoka akauliza, "Mama, siku ile ya Kilosa hii ilikuwepo mezani?"

"Ilikuwepo."

"Uliishika?"

"Niliinua tu."

Akasema, bila hasira, afadhali angekuwa na hasira: "Mimi nilikuwa hapo hapo mlangoni. Mbona hukuniita?"

Yule baba hakujua Kiswahili, akamhitaji mwanawe, akamwingiza ndani. Mimi nilijua kila kitu. Nilisoma maandishi, niliuliza maswali, sikumhitaji. Kama ningekuwa sikusoma hata darasa moja, siku ile ningemshika mkono mwanangu nikamwambia twende, unisaidie.

*

Ndiyo maana tulirudi Kilosa, kuomba kubadilishiwa, na mengine nimeshayasema mwanzoni. Mratibu alinionyesha saini yangu, akanionyesha na ile fomu yenye hapana yangu, akasema utaratibu hauruhusu mtoto aliyeshindwa kifaa kimoja kupewa kingine mpaka wengine wote wapate. Mtihani wa darasa la saba ungekuwa umeshapita.

"Kama huridhiki andika malalamiko," akasema. "Kwa maandishi. Kamati itayasoma."

"Karatasi unayo?"

"Ununue, mama. Hapa si dukani."

Nilinunua karatasi mbili na kalamu kwenye duka karibu na stesheni. Tukakaa kwenye lile benchi, mimi upande wa msumari. Nikaandika nikimsomea kila mstari, naye akanikatiza mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Usiandike tunaomba kwa unyenyekevu. Umeshapiga meza." Mara ya pili alitaka kitu kiongezwe mwishoni, nikakataa, akang'ang'ania, nikaongeza. Mhudumu wa ofisi aliipokea barua akaigonga muhuri wa kupokelewa, na nakala nikabaki nayo. Hii hapa.

*

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mradi,
Kilosa.

YAH: MALALAMIKO YA MZAZI KUHUSU MTOTO KUANDIKWA KUWA AMESHINDWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi asiyeona, mkazi wa Mikumi. Nalalamika kwamba katika faili la mwanangu pameandikwa kwa wino mwekundu kuwa ameshindwa kutumia kifaa. Hilo si kweli. Mtoto huyu hajawahi kuulizwa anataka kifaa gani wala kuwekewa kifaa mkononi kabla ya kuchaguliwa. Siku ya kuchagua alikalishwa nje. Vifaa vya wasioona vilichaguliwa na wanaoona.

Nalalamika kwamba mashine tuliyopewa ina vitufe visivyopapasika, inatoa maelekezo kwa Kiingereza, na vitabu vya shule vya Kiswahili havijaletwa tangu tulipoipokea. Ni mashine nzuri kwa mtu mwingine. Mashine ya kaseti mtoto wangu ameishika mara moja tu, ya mwenzake, akaiweza bila kufundishwa, mbele ya macho yangu.

Saini iliyoko kwenye fomu ya kuchagua ni yangu. Sikushurutishwa. Ni mimi niliyemkalisha mtoto nje, ni mimi niliyechagua kwa kutazama, na ni mimi niliyeandika hapana bila kueleza. Kosa hilo ni la mzazi, na naomba liandikwe kwenye faili kuwa ni la mzazi, kwa wino huo huo mwekundu, na jina la mtoto lisafishwe.

Naomba mambo yafuatayo. Maneno ameshindwa yafutwe. Mtoto aitwe, aingie ndani, ashike vifaa vyote kwa muda atakaotaka, achague yeye, kabla ya kuingia darasa la saba. Akichagua cha kaseti, kaseti tupu nitaleta mwenyewe, na kusoma nitamsomea mimi. Na kuanzia sasa mtoto yeyote anayechaguliwa kifaa asiachwe barazani, hata kama mzazi wake amesoma.

Mwisho, mtoto mwenyewe amesisitiza niandike hili: benchi la nje lina msumari, upande wa kushoto, karibu na mwisho. Ofisi hamuuoni kwa sababu hamlikalii. Naomba ung'olewe.

Wenu,
Mzazi, Mikumi.